Deli za Kiyahudi na migahawa ya kosheri New York: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili wanaoishi New York, na wale wanaopita kwa masomo, kazi au kutembelea ndugu. Maswali ni yale yale ambayo watu huuliza wakifika Lower East Side kwa mara ya kwanza, au wakishuka kituo cha treni kisicho chao na kujikuta katikati ya Borough Park, mtaa wa Wayahudi huko Brooklyn. Mahali penye mkanganyiko nimejibu kwa urefu. Mengine nimeyapitia haraka.

Kosheri ni nini, kwa kifupi?

Ni chakula kilichotimiza masharti ya dini ya Kiyahudi. Msingi wake umo katika Torati, hasa Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14, na marabi wameufafanua kwa karne nyingi. Mnyama wa nchi kavu lazima acheue na awe na kwato zilizopasuka. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wamepita. Nguruwe kwato zake zimepasuka lakini hacheui. Ngamia anacheua lakini kwato ndizo zinazomwangusha. Sungura naye hapiti. Twiga ametimiza masharti yote mawili, ingawa sijaona bucha linalomuuza.

Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Sato, sangara na changu hawana shida. Kambare, papa, pweza, ngisi, kamba na kaa wote marufuku, kwa hiyo mtu wa Pwani ajiandae kisaikolojia.

Damu hailiwi kabisa. Ndiyo maana nyama hulowekwa majini nusu saa, ikapakwa chumvi na kuachwa saa nzima ichuje, kisha ikasuuzwa. Baadhi ya mafuta ya tumboni hayaliwi, wala mshipa mkubwa wa paja unaotajwa katika kisa cha Yakobo kwenye Mwanzo 32. Na nyama haikutani na maziwa; hilo lina swali lake hapa chini.

Basi kila deli ya Kiyahudi ni kosheri?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Deli ya Kiyahudi ni aina ya duka na aina ya mapishi: nyama zilizokaushwa na kuchemshwa, mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano), achari ya matango, supu ya kuku. Kosheri ni hukumu ya dini juu ya kilichomo jikoni. Mgahawa ulioandikwa "Vyakula vya Pwani" hauahidi kwamba nyama yake ni halali. Unaahidi ladha tu. Deli nyingi mashuhuri ziko hivyo hivyo.

Chukua Katz's, kona ya East Houston na Ludlow, iliyoanza mwaka 1888. Ndiyo deli inayojulikana kuliko zote mjini, na foleni yake wikendi inaweza kuzunguka kona. Lakini Katz's si kosheri. Hufunguliwa Jumamosi, siku ya Sabato, na kwenye orodha yake utakuta sandwichi ya nyama yenye jibini juu, jambo ambalo jiko la kosheri haliwezi kulifanya. Barney Greengrass ya Upper West Side, iliyoanza mwaka 1908 na kujijengea jina kwa samaki wa kufukizwa, nayo si kosheri. Wenyewe huita aina hii "mtindo wa kosheri". Ukiyaona maneno hayo dirishani, yasome kama onyo kuliko kama ahadi.

Halafu kuna zile za katikati. 2nd Avenue Deli ilifunguliwa mwaka 1954 na Abe Lebewohl kwenye mtaa uliokuwa kitovu cha tamthilia za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mwaka 1996 aliuawa na majambazi akiwa njiani kupeleka pesa benki, na kesi hiyo haijapata ufumbuzi. Duka lilifungwa mwaka 2006 kwa mgogoro wa kodi ya pango, na mwishoni mwa 2007 likafunguliwa upya East 33rd Street, mbali na barabara lililoitiwa jina. Jiko lake ni la kosheri na lina cheti, hutakuta jibini hata chembe, lakini siku ya Sabato mlango u wazi. Kwa Wayahudi wengi wa Kiorthodoksi, yaani wanaoshika sheria za dini kikamilifu, hilo linatosha kuwafanya wasile hapo. Kwa wengine si tatizo. Ukimwalika Myahudi chakula, usimchagulie mahali; mwulize yeye anakula wapi.

Nitajuaje kama mahali ni kosheri kweli?

Tafuta cheti ukutani au dirishani, karibu na mlango. Kitakuwa na jina la rabi au la shirika linalosimamia, na tarehe ya kuisha. Tarehe usiisahau kuiangalia. Nyota ya Daudi, maandishi ya Kiebrania, picha ya mzee mwenye ndevu na jina la "Kosher" kwenye bango vyote havithibitishi kitu.

New York ilikuwa na sheria ya kosheri tangu mwaka 1915 iliyomwezesha mkaguzi wa serikali kuamua nini ni kosheri. Wenye bucha moja la Long Island walikwenda mahakamani wakidai serikali haina mamlaka ya kuchagua tafsiri ya dini, wakashinda. Kwa sheria iliyofuata, ya mwaka 2004, mwuzaji anatakiwa kueleza wazi nani kamthibitisha, na mteja ajiamulie mwenyewe. Binafsi naona utaratibu huo una busara zaidi, maana marabi wenyewe hawakubaliani.

Kwenye bidhaa za pakiti, alama iliyoenea zaidi ni herufi U ndani ya duara, ya Orthodox Union, iliyoanza kuthibitisha vyakula mwaka 1923. Huenda unayo jikoni hata kama hujawahi kuondoka Nairobi au Dar es Salaam: bidhaa nyingi za kutoka Marekani zinayo. Herufi D pembeni yake inaonyesha kuna maziwa au zimetumika mashine za maziwa. Herufi P ni ya Pasaka. Zipo alama nyingine zinazoheshimika, kama OK, Kof-K na Star-K. Jihadhari na herufi K iliyo peke yake: haina mwenyewe kisheria, na yeyote anaweza kuichapisha.

Mbona niliomba jibini kwenye baga wakanicheka?

Kwa sababu ulikuwa kwenye mgahawa wa nyama. Torati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye (Kutoka 23 na 34, na Kumbukumbu la Torati 14), na marabi wamepanua katazo hilo likahusu nyama yote, kuku pia, pamoja na maziwa yote. Kwa hiyo mgahawa wa kosheri huchagua upande mmoja: nyama, au maziwa. Wa nyama hauna jibini, hauna siagi, na kahawa utaletewa na kitu cheupe kilichotengenezwa kwa soya au nazi. Wa maziwa una piza, pasta, samaki na keki za jibini, lakini hakuna hata kipande cha kuku.

Kuna kundi la tatu, pareve, ambalo si nyama wala maziwa: mboga, matunda, mayai, nafaka. Samaki huhesabiwa humo, ingawa hapikwi pamoja na nyama. Nyumbani Myahudi anayeshika sheria hizi ana seti mbili za sufuria, sahani na vijiko, mara nyingi masinki mawili pia. Akishakula nyama husubiri kabla ya kugusa maziwa: wengi saa sita, wenye asili ya Ujerumani tatu, wenye asili ya Uholanzi moja.

Kwa mtu ambaye tumbo lake halipatani na maziwa, mgahawa wa nyama wa kosheri ni raha tupu. Huhitaji kuuliza kama kuna krimu kwenye mchuzi. Haiwezi kuwepo.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kula kosheri?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu linategemea unamfuata mwanachuoni gani. Aya ya tano ya Suratul Maida inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu, na kwa msingi huo wanavyuoni wengi wameruhusu nyama iliyochinjwa na Myahudi. Wengine wanashikilia kwamba jina la Mwenyezi Mungu litajwe kwa kila mnyama. Mchinjaji wa Kiyahudi husoma baraka mwanzoni mwa kazi, kisha huendelea kuchinja bila kuirudia kila mara. Kama jambo hilo linakusumbua, muulize imamu wako, usiniulize mimi.

Kuhusu kuchinja kwenyewe, kufanana ni kukubwa. Mchinjaji ni mtu wa dini aliyesomea na kupewa idhini. Kisu chake hukaguliwa kwa ukucha kabla na baada, na kikiwa na pengo dogo tu mnyama hafai. Koo hukatwa mara moja bila kusitasita, na mnyama huwa hai na mwenye fahamu zake. Baada ya hapo mapafu hukaguliwa. Yakiwa laini bila makovu, nyama huitwa glati, na ndiyo inayotakiwa na Waorthodoksi wengi wa New York.

Nguruwe hutamkuta, hata mafuta yake. Lakini pombe utaikuta. Mvinyo ni sehemu ya ibada ya Kiyahudi na huingia pia kwenye mapishi: nyama ya kidari iliyopikwa taratibu kwa mvinyo ni chakula cha kawaida cha sikukuu. Uliza kabla ya kuagiza. Jelatini nayo ni ya kuangalia kwenye bidhaa zenye ile K isiyo na mwenyewe, kwa kuwa kuna marabi walioiruhusu hata inayotokana na nguruwe, wakisema imebadilika asili. Mashirika makubwa hayakubali hilo.

Na kinyume chake hakifanyi kazi. Nyama ya halali kutoka kwenye mkokoteni wa mtaani, hata iwe tamu vipi, si kosheri kwa Myahudi anayeshika dini: mchinjaji si wao, mapafu hayajakaguliwa, chumvi haijapakwa. Usimlazimishe.

Pastrami ni kitu gani, na kwa nini inasifiwa hivyo?

Ni nyama ya ng'ombe iliyopitia mikono mingi. Kwanza hukaa kwenye maji ya chumvi na viungo kwa siku kadhaa au wiki. Kisha hupakwa pilipili manga na giligilani vilivyosagwa kwa ukali, ikafukizwa moshi, ikapozwa. Siku ya kuuzwa huingizwa kwenye mvuke kwa saa kadhaa mpaka ilegee, na hapo ndipo mkataji huichukua, ikitoa moshi, akaikata kwa kisu cha mkono kukinzana na nyuzi zake. Deli inayokata pastrami baridi kwa mashine imeikosea heshima nyama hiyo.

Asili yake ni nyama ya kukaushwa ya dola la Waosmani, iliyofika Romania na huko ikafanywa kwa bata bukini au kondoo. Wayahudi wa Romania walipohamia New York mwishoni mwa karne ya 19 walikuta nyama ya ng'ombe ni rahisi kuliko ya bukini, hasa kile kipande chenye mafuta cha chini ya mbavu ambacho hakikuwa na wanunuzi. Umaskini ndio uliochagua kipande. Leo kipande hicho ni ghali.

Usiichanganye na ndugu yake, corned beef, nyama ya kidari iliyolowekwa chumvi bila kufukizwa. Hiyo ni laini, ya waridi, haina pilipili. Siku ya kwanza agiza pastrami. Siku ya pili agiza nusu kwa nusu. Ulimi ni wa wazoefu, na mimi ndio ninaoupenda zaidi. Mtu aliyekulia kwenye supu ya makongoro hawezi kuuogopa.

Nikiingia deli ya zamani, naagizaje?

Katz's ina utaratibu wake. Mlangoni unapewa tiketi, kila mtu ya kwake, na kila unachochukua huandikwa humo. Unalipa unapotoka. Ukiipoteza unatozwa faini, kwa hiyo usiwape watoto waichezee. Pita hadi kwenye kaunta, chagua foleni ya mkataji mmoja, na subiri. Atakupa kipande uonje wakati anakata. Mwachie dola moja mbili kwenye kikombe chake. Si lazima, lakini mkono wake hufunguka.

Sandwichi huja kwenye mkate wa rai wenye mbegu za kisibiti, na haradali. Hakuna zaidi. Nyanya, saladi na mayonezi havikatazwi na sheria yoyote ya dini, ila mkataji atakutazama. Sahani ya achari huja bure au kwa bei ndogo: matango ya kijani kibichi ambayo hayajachacha sana, na mengine yaliyokolea kabisa. Anayependa achari ya ndimu na embe ataanza na hayo ya pili.

Vingine vya kujaribu: supu ya kuku yenye madonge ya unga wa matso, yaani ule mkate usiochachuka wa Pasaka, knishi (andazi lililojazwa viazi), latke (chapati ndogo za viazi zilizokaangwa), na maini ya kuku yaliyosagwa na vitunguu vya kukaanga. Kinywaji cha jadi ni soda ya figili (celery) ya Dr. Brown's, inayouzwa tangu karne ya 19. Ladha yake ni ya ajabu, na hutaisahau, kwa wema au kwa ubaya.

Sandwichi moja hushibisha wawili. Baadhi ya deli hutoza nyongeza ukigawana, basi beba nusu nyumbani.

Lile duka la samaki lisilo na nyama ni deli pia?

Kwa wenyewe, hapana. New York ina aina mbili za maduka ya chakula cha Kiyahudi, kwa sababu ile ile ya nyama na maziwa. Deli huuza nyama. Duka la pili huuza samaki wa kufukizwa na wa chumvi, jibini laini, saladi za samaki na mayai, vitu vinavyowekwa juu ya mkate wa duara wenye tundu, beigeli. Mashuhuri ni Russ & Daughters, East Houston namba 179, iliyoanza mwaka 1914. Joel Russ hakuwa na mtoto wa kiume, akawafanya binti zake watatu, Hattie, Ida na Anne, wabia, na akaandika hivyo kwenye bango wakati ambapo kila duka lilikuwa "na Wana". Hatua chache kutoka hapo kuna Yonah Schimmel, inayooka knishi mtaani hapo tangu 1910.

Kama nina mgeni mmoja na asubuhi moja tu, nampeleka duka la samaki badala ya deli. Salmoni iliyokatwa nyembamba kiasi cha kusoma gazeti kupitia kwake, jibini, kitunguu kidogo. Pastrami inaweza kusubiri jioni.

Niende mtaa gani?

Inategemea unatafuta nini. Lower East Side ndiko Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliposhukia kati ya miaka ya 1880 na 1924, na majina makongwe bado yako huko, lakini wengi wa wakazi hao walihama zamani. Utakula historia, mara nyingi bila cheti. Ni mtaa uliokuwa na wanawake wakali: Mei 1902 bei ya nyama ya kosheri ilipopanda kutoka senti 12 hadi 18 kwa ratili, akina mama waligoma kununua, wakavamia mabucha na kutupa nyama barabarani, hadi bei ikashuka.

Ukitaka kosheri inayoishi, vuka uende Brooklyn. Borough Park, hasa 13th Avenue, ni mtaa wa Wahasidi, Waorthodoksi wenye kushika mila za zamani kwa ukali, ambako mgahawa usio wa kosheri ndio wa kutafutwa kwa tochi. Williamsburg ya kusini, Lee Avenue na pembeni yake, ni ya Wahasidi wa Satmar, mojawapo ya makundi yao. Pale Roebling Street kuna Gottlieb's, deli ya glati ya miaka ya 1960 ambayo haijali mapambo. Crown Heights ni makao makuu ya Chabad-Lubavitch, kundi jingine la Wahasidi, 770 Eastern Parkway, na maduka yao yamejipanga Kingston Avenue; mtaa huo huo ni wa watu wa Karibiani, kwa hiyo harufu ya mkate wa Sabato na ya kuku wa kuchoma wa Jamaika hukutana kona moja. Midwood na maeneo ya Ocean Parkway yana Wayahudi wa Syria, wenye kibe (madonge ya ngano na nyama) na mikate membamba ya nyama iliyokolezwa ukwaju au komamanga.

Lakini mwenyeji wa Pwani nampeleka Queens. Kwenye 108th Street, Forest Hills na Rego Park, wanaishi Wayahudi wa Bukhara waliotoka Uzbekistan na Tajikistan, wengi wao baada ya Muungano wa Kisovyeti kuvunjika. Migahawa yao ni ya kosheri, na chakula chao kikuu ni plov: wali uliopikwa na nyama, karoti, vitunguu na bizari kwenye karai kubwa. Ni pilau. Ndugu wa mbali wa pilau yetu, yenye karoti nyingi na pilipili manga kidogo, lakini hakuna Mzanzibari atakayehitaji kuelezwa jinsi ya kuila. Pembeni kuna mishikaki ya kondoo, mkate wa duara wa tanuri na chai ya kijani. Mishikaki ya maini ya kuku usiikose.

Manhattan ya katikati, 47th Street kwenye maduka ya almasi, kuna vijimgahawa vya kosheri vinavyolisha masonara mchana. Upper West Side na Riverdale huko Bronx zina migahawa yake pia. Riverdale kuna Liebman's, deli ya kosheri tangu mwaka 1953.

Nimefika Ijumaa saa kumi jioni, mlango umefungwa. Wamefilisika?

Hapana, Sabato inakaribia. Huanza Ijumaa kabla ya jua kuzama na kuisha Jumamosi usiku nyota zikitokea. Desemba jua la New York huzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo migahawa mingi hufunga mchana, wapishi wapate muda wa kufika nyumbani. Wakati wa baridi baadhi hufungua tena Jumamosi usiku na kujaa vijana hadi usiku wa manane. Wakati wa joto, jua likichelewa kuzama, wengi hawajisumbui.

Pasaka ni tatizo kubwa zaidi. Kwa siku nane hakuna kitu kilichochachuka, wala mkate, na jiko lote lazima lisafishwe upya. Migahawa mingi huona bora ifunge. Tena kuna siku tisa za maombolezo katikati ya kiangazi ambapo nyama hailiwi isipokuwa Sabato, na migahawa ya nyama huwa mitupu.

Mtu asiye Myahudi anaruhusiwa kuingia?

Anakaribishwa. Hakuna atakayekuuliza dini yako. Vaa kawaida, kwenye mitaa ya Wahasidi mavazi ya heshima, kama ungevaa kwenda kwa wakwe, yatakufanya ujisikie huru zaidi. Kosa kubwa ni moja: usiingie na chakula cha nje. Sambusa kwenye mkoba, chai ya maziwa uliyonunua kituoni, hata pipi za mtoto, viache mlangoni. Chai yako ya maziwa ikimwagika kwenye meza ya mgahawa wa nyama, umewapa kazi ya siku nzima.

Wanaofanya kazi humo wote ni Wayahudi?

Mbali na hivyo. Jikoni mara nyingi utakuta wahamiaji kutoka Mexico, Amerika ya Kati na kwingineko, wanaojua sheria za kosheri kuliko wateja wengi. Anayelazimika kuwa Myahudi mshika dini ni msimamizi, mashgia. Ndiye anayeshika funguo, anayekagua kila boksi la nyama linaloingia kama mihuri haijavunjwa, anayepekua majani ya saladi moja moja kwenye mwanga kutafuta wadudu (mdudu si kosheri), na ndiye anayewasha moto wa jiko asubuhi, kwa kuwa vyakula vingi vinahitaji mkono wa Myahudi katika upishi wake. Mvinyo nao una sheria zake: ukimiminwa na asiye Myahudi hauwafai, isipokuwa ule uliopashwa moto kiwandani. Ndiyo maana migahawa huweka huo uliopashwa, ili mhudumu yeyote amimine.

Kwa nini ni ghali hivi?

Sandwichi ya pastrami imepita dola 20 siku nyingi. Piga hesabu: mshahara wa mashgia, ada ya cheti, wanyama wanaokataliwa kwa sababu ya mapafu. Robo za nyuma za ng'ombe, penye steki bora, Marekani huuzwa kwa wasio Wayahudi kwa vile kutoa mshipa na mafuta yake ni kazi kubwa mno. Kisha kodi ya pango ya New York. Na juu ya yote, mgahawa wa kosheri hufungwa Ijumaa usiku na Jumamosi, nyakati ambazo migahawa mingine ndiyo huvuna pesa.

Ni kweli deli zinakufa?

Miaka ya 1930 mji ulikuwa na deli za kosheri zaidi ya 1,500. Leo zile za mtindo wa zamani unaweza kuzitaja kwa majina. Carnegie Deli, iliyokuwa jirani na ukumbi wa muziki wa Carnegie Hall tangu 1937, ilifungwa mwishoni mwa 2016. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 ilifunga mlango wa wahamiaji wapya, watoto wa wenye maduka wakawa madaktari na mawakili, familia zikahamia vitongoji, madaktari wakakemea mafuta na chumvi, kodi ya pango ikapanda.

Lakini kosheri yenyewe haijafa, imehama. Kijana wa Kiorthodoksi wa leo anataka sushi ya kosheri, baga ya glati, shawarma ya Kiisraeli, nyama choma ya mtindo wa Texas. Pastrami kwake ni chakula cha babu. Wanaopanga foleni ya pastrami Houston Street ni watalii, na mimi na wewe.

Huku Afrika Mashariki kuna chochote?

Deli, hapana. Wayahudi wapo. Nairobi kuna sinagogi la Nairobi Hebrew Congregation, jumuiya iliyoanza mwanzoni mwa karne iliyopita. Karibu na Mbale, Uganda, kuna Abayudaya, walioanzishwa na kiongozi Semei Kakungulu mwaka 1919 alipolisoma Agano la Kale na kuamua kulifuata. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakaendelea kwa siri. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata shahada yake ya urabi Marekani mwaka 2008. Wana wachinjaji wao, na chakula chao cha Sabato ni cha Kiganda: matoke, wali, maharage, na kuku ikiwa mfuko unaruhusu. Ukipanga kwenda, wasiliana nao mapema, na ufike Ijumaa kabla ya jua kuzama.